Njia Mbili za Kwenda Dukani

Jumatatu, 7 Oktoba 1974

Mama Yustina,

Daftari hili ni la zamani la binti yetu Yustina, la alipokuwa darasa la sita. Kurasa za mbele zina hesabu zake, nyingi zimekosewa. Naanzia nyuma. Nakuandikia wewe kwa sababu siri zangu ulizijua zote na hukuwahi kuzipeleka bombani.

Kesi yenyewe ni hii. Tangu tukuzike mwezi wa tano, nimekaa. Nimekaa tu. Kiti cha kamba, kibarazani, kuanzia uji mpaka ugali. Miguu imevimba. Viatu vya kanisani haviingii, naenda misa na kandambili. Juzi Yustina akaja kutoka Nachingwea, akaniona, akalia kidogo, kisha akanishika mkono na kunipeleka zahanati kama mbuzi wa kuuzwa.

Mganga wa siku hizi anaitwa Bwana Xaveri. Kijana mpole, miwani mizito. Akanipandisha kwenye mizani. Kilo tisini na moja! Nikamwambia mizani yake inadanganya, na mimi nimekuwa karani wa mizani kwenye shamba la mkonge miaka ishirini na miwili, kwa hiyo mizani mwongo naijua kwa sura. Akanifunga mpira wa presha mkononi, akasoma, akauliza kwa adabu kama na huu nao unadanganya.

Hukumu: nitembee. Kutoka hapa kwetu Rasbura mpaka duka la ushirika karibu na soko, na kurudi. Maili moja na nusu kwenda, moja na nusu kurudi. Kila siku! Amenichorea kadi ya visanduku kumi na kimoja, kuanzia kesho mpaka Jumamosi ya wiki ijayo, Jumapili imesamehewa. Kila nikifika dukani kwa miguu, Scholastica wa kaunta atatia saini kwenye kisanduku. Yule Scholastica asiyecheka.

Yustina akaongeza hukumu yake. Anarudi Jumapili, tarehe ishirini. Akikuta saini hazijafika tisa, ananihamishia kwake Nachingwea na nyumba hii inapata mpangaji.

Nachingwea ni kuzuri, sikatai. Mkwe ni mtu mwema. Lakini huko nitakuwa mzee tu aliyeletwa na basi. Hakuna hata mmoja kule anayejua kwamba uliwahi kuwepo.

Kwa hiyo, saini tisa. Nimeitazama kadi jioni nzima. Kadi inataka saini. Kadi haina macho ya kuona miguu. Hapo ndipo pa kuanzia.

Jumanne, 8 Oktoba

Kwenda dukani kuna njia mbili, unazijua. Kuna ya ndani, inayopinda katikati ya nyumba, yenye vivuli, bomba, fundi cherehani na vitumbua vya Brigita. Wewe ukitumwa chumvi kwa njia hiyo, chumvi ilifika saa saba. Lakini mimi sijaipita tangu mazishi. Kila baraza ina mdomo, kila mdomo una pole, na nikifika pole ya nne koo linakataa kazi.

Kuna ya pili, barabara. Tangu ilipopanuliwa na miti ya mikungu ikakatwa, imenyooka kama rula na ni pana kama uwanja wa mpira. Mtu hapiti. Hata mbuzi wanapita ya ndani. Nikaona vyema: pasipo watu hapana pole. Nikashika barabara.

Nilifika kalavati la kwanza. Lo! Jua juu, jua chini. Hakuna baraza, hakuna mti, hakuna bomba, hakuna hata mtu wa kumuuliza saa ngapi. Nikajiuliza, mtu atembee huku akitazama nini? Kokoto?

Hapo ndipo likaja lori la mbao. Dereva anaitwa Abdulatifu, kijana mchangamfu, akasema Mzee, panda juu, ukitaka kushuka gonga paa. Akili! Nikapanda. Soko likaonekana, nikagonga. Abdulatifu alikuwa anaimba. Akadhani nampigia ngoma, akanigongea na yeye kutoka ndani. Nikagonga zaidi, akaimba zaidi. Aliposimama kutia maji kwenye rejeta tulikuwa maili tatu mbele ya soko, njia ya Mingoyo. Akaniona, akashtuka. Akasema, "Mzee, bado upo?"

Nikarudi kwa miguu. Nikakuta mlango wa duka umefungwa, wamekwenda kula. Sikuwa na uso wa kungoja. Nikarudi nyumbani.

Maili nne na nusu kwa miguu. Saini: hakuna. Hata hivyo ile maili moja na nusu ya kwenda nimefanikiwa kabisa kuikwepa.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimechoka. Kutwa kiti.

Hapana, si kweli, nilikusudia kutwa kiti. Kumbe kuna Abilahi.

Bado ni balozi wetu wa nyumba kumi na bado ni mtani wangu, kama babu yake alivyokuwa kwa babu yangu. Miaka sitini na sita, miguu kama michi. Anakwenda mjini mara mbili kwa siku na akirudi anatangaza. Siku ya mazishi yako alijifunga kanga yako ya njano akaigiza mwendo wako, ule wa kuinama kidogo kushoto kama unasikiliza kitu ardhini. Watu walicheka mpaka wakalia upya. Na mimi nilicheka. Mpaka leo sijamsamehe, wala sijamshukuru.

Asubuhi alipopita nikamwita, nikamwomba kwa sauti ya chini anichukulie kadi, kwa kuwa yeye anakwenda hata hivyo. Akajibu kwa sauti ya mnadani. Eti jamani njooni, karani wa mizani anaazima miguu! Kisha akanipokonya kadi. Haki ya mtani hiyo, nifanye nini? Mtani akichukua chako huruhusiwi kukasirika, unakikomboa. Akaichomeka kwenye kofia yake, akaingia njia ya ndani.

Nikamfuata. Ningefanyaje, kadi ndiyo nyumba yangu! Hakimbii yule mzee, ndiyo ubaya wake. Anatembea, anasimama kila baraza kusimulia kisa, mimi nikikaribia anaondoka. Wanawake wa bombani wakawa wananihimiza: Baba Yustina, kaza mwendo, kofia hiyo inaondoka! Pole nilizopata njia nzima ni mbili tu. Wengine wote walikuwa wananicheka, hawakupata nafasi.

Dukani foleni ya unga wa njano ilizunguka nyumba. Scholastica alinitazama miguu, akanitazama uso, akatia saini. Moja! Ukombozi wa kadi ulikuwa kikombe cha kahawa. Wakati wa kurudi Abilahi alisimulia kisa upya kila baraza, ikabidi niandamane naye ili nikanushe.

Simwamini tena.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimekaa. Akili hufanya kazi mtu akitulia. Kiatu cha kushoto cha kanisani kimeingia. Bila shaka ngozi imelegea kwa joto.

Ijumaa, 11 Oktoba

Huseni muuza samaki alikuwa anawahi swala ya Ijumaa. Akaniomba nimtunzie baiskeli na tenga lake, na kama sitajali nimfikishie Martina fungu lake la changu. Nikamwambia hakuna neno, Huseni, nenda kaswali. Moyoni nilikuwa nacheka. Baiskeli! Dakika kumi nipo dukani, baiskeli naificha nyuma ya ukuta, naingia kaunta kwa miguu.

Nilisahau mambo mawili. Mara ya mwisho kupanda baiskeli ilikuwa mwaka hamsini na moja. Na barabara ina miiba.

Tairi likalala kabla ya kalavati. Nikaanza kusukuma. Unajua tenga la samaki lina uzito gani? Mimi najua, ni kilo thelathini na mbili, sihitaji mizani. Jua likazidi ukali. Samaki wakaanza kujitangaza. Barabarani hapakuwa na kivuli cha kuwaweka wala mtu wa kuwanunua. Ikabidi nikate kulia, niingie njia ya ndani, angalau nifike kwa Martina.

Wanawake wakatoka. Mmoja akasema leo Huseni kanenepa. Mwingine akasema Huseni kazeeka kwa usiku mmoja, maskini. Wakafungua tenga. Hakuna aliyesema pole, Mama Yustina, hata mmoja! Walisema hawa vibua ni wa juzi. Nikawaka. Niliwatetea wale samaki kama nimewazaa. Nikaapa. Nikaonyesha macho yao. Basi nyumba hii ikaniitia nyumba ile, na kila nikitaka kuondoka kuna mkono unatoka dirishani na sufuria.

Brigita alifunua shavu la changu, akanusa, akaanza kucheka peke yake. Akaniambia ulivyokuwa unanunua wewe. Eti ulikuwa unafunua shavu kisha humtazami samaki tena, unamtazama muuzaji. Akiinamisha macho, unarudisha samaki kwenye tenga bila neno. Mimi sikujua. Miaka thelathini na mitatu nimekula samaki hao na sikujua wamechaguliwa kwa macho ya Huseni.

Tenga likaisha. Nikafika dukani nimelowa. Scholastica akatazama baiskeli. Nikamweleza kwamba sikuipanda, nimeisukuma, kwa kweli ni kama yenyewe imenipanda mimi. Akasema, "Mzee wangu, nimeambiwa nitazame miguu. Mimi naona magurudumu." Akaniomba pia nisogee kidogo, unga unashika harufu.

Saini: bado moja. Huseni amefurahi sana. Ameuliza kama na Jumanne naweza.

Jumapili, 13 Oktoba

Jana ilikuwa shamba la ujamaa la mtaa, kutwa nzima, kadi haikutoka mfukoni. Nilijichagulia kazi ya maji ya kunywa kwa kuwa ni ya kukaa kivulini. Si ya kukaa kivulini. Kisima kiko chini bondeni na watu sitini wana kiu.

Lakini leo, katikati ya mahubiri, nimepata jambo kubwa. Nilikaribia kusimama. Kwa nini mimi niende dukani? Duka na lije kwangu! Serikali inasema huduma ziwe karibu na wananchi. Basi tufunguliwe tawi la duka la ushirika hapahapa Rasbura, kwenye kile kiwanja kitupu pembeni ya nyumba yetu. Scholastica awe kaunta, mimi kiti cha kamba, kati yetu hatua saba. Atatia saini akiwa amenyoosha mkono tu.

Nimeandika ombi kwa mwandiko wangu wa mizani. Limependeza. Linataka majina arobaini.

Jumanne, 15 Oktoba

Siku mbili za majina! Nilichukua ile pedi ya wino wa zambarau niliyopewa nilipostaafu, nikapita nyumba kwa nyumba. Sikutembea, nilikuwa kazini.

Kila nyumba ina utaratibu wake. Hodi, karibu, kaa, maji, pole, habari za Yustina, kisha kisa kimoja kukuhusu, kisha ndipo dole gumba. Ulimfundisha mke wa fundi cherehani kukoroga uji wa mgonjwa. Ulimkemea katekista. Ulimkemea katekista! Hukuniambia. Pole sasa naweza kuzipokea mpaka kumi na tano hivi, halafu nakohoa tu kidogo. Bibi Apolonia alitia dole mara mbili kwa kuwa aliipenda rangi. Nyumba tatu zilikuwa tupu, nikazirudia jioni. Na leo asubuhi nikazirudia zilizotia dole, kuwakumbusha kikao cha kesho kwa Abilahi cha kulijadili ombi.

Majina arobaini na matatu!

Mchana nikampelekea Scholastica ombi alione, maana linamhusu. Kwa kuwa nilikuja kwa miguu akatia saini kadi. Mbili! Akatia na jina kwenye ombi. Kisha akaomba karatasi irudi, akauliza kama tawi likifunguliwa ni yeye atakayehamishwa. Nikasema ndiyo, kwa heshima zote. Anaishi ng'ambo ya duka, hatua tano. Akalikata jina lake kwa mstari wa rula.

Nimelazimika kutoboa mkanda tundu jipya kwa msumari, upande wa ndani. Ngozi za siku hizi zinarefuka ovyo juani.

Jumatano, 16 Oktoba

Kikao barazani kwa Abilahi. Waliotia dole wote wamekuja. Abilahi akiwa kwenye kikao haniiti mtani, ananiita Ndugu Likwata, na mimi namwita Ndugu Mwenyekiti, na wote wawili tunatazama pembeni tusicheke.

Nikasoma ombi. Watu wakainamisha macho. Nikadhani wameguswa.

Akasimama Brigita. Akauliza nani amemwambia Baba Yustina kwamba yeye anataka duka mlangoni. Akasema tangu alfajiri yeye ni kinu, ni jiko, ni ndoo, na ana mama mkwe asiyelala mchana. Njia ya dukani ndiyo likizo yake. "Mume akiniuliza naenda wapi, nasema chumvi. Sasa mkiniletea chumvi mlangoni, nitasema naenda wapi?"

Vigelegele! Martina akaongeza kwamba yeye anaenda kununua kiberiti na kurudi na habari za mji mzima, je, hilo tawi litauza habari? Fundi cherehani akasema watu wakiacha kupita, nani ataona magauni yake yaliyotundikwa? Muuza kahawa akasema hana la kusema, anatazama tu jinsi anavyotaka kuuawa.

Nikawauliza, sasa mbona mlitia dole gumba?

Bibi Apolonia ndiye aliyejibu. Akasema, "Ulikuja mwenyewe mpaka mlangoni, mwanangu. Umefiwa, umetoka jasho. Tukukatalie?"

Abilahi akaomba mikono. Ombi likakataliwa kwa mikono yote. Na mimi nilionekana nimenyoosha upande wao, lakini nilikuwa najikuna.

Kisha fundi cherehani akasema kama tatizo ni barabara, basi tuipande miti, iwe na vivuli na mabenchi, hata mtu apende kuipita. Wakakubali, mvua zikianza. Anahitajika mtu wa kupima mashimo. Wakasema Baba Yustina, kwa kuwa siku hizi hatulii.

Mimi! Nisiyetulia!

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimepima mashimo. Hatua kumi, kigingi. Hatua kumi, kigingi. Upande wa kulia kwenda, upande wa kushoto kurudi. Nilipofika mwisho wa upande wa kulia nikainua kichwa, nipo mbele ya duka! Kwa miguu, kabla ya mchana! Nikaingia nikicheka. Scholastica akachukua kalamu, akanyoosha mkono.

Kadi ilikuwa nyumbani juu ya meza.

Akasema, "Ilete, nipo." Nikaifuata. Nikajinyoosha kitandani dakika moja tu. Nilipoamka walikuwa wanaadhini alasiri na duka limefungwa.

Jumamosi, 19 Oktoba

Yustina anakuja kesho. Saini mbili.

Jana nilikwenda kurekebisha vigingi ambavyo mbuzi waling'oa. Leo nimekaa nimeishika kadi. Nimezunguka chumba chetu. Kwenye kizingiti kuna pale palipolika, ulipokuwa unasimama kunituma. Nachingwea kizingiti kitakuwa cha saruji.

Basi nimefanya jambo nisilolipenda. Saini ya Scholastica ni kama ndoana yenye mayai mawili. Nimejifunza mchana kutwa kwenye kurasa za hesabu. Nimejaza visanduku saba. Ndoana zangu zinafanana zaidi na kuku, na wino niliokuwa nao ni ule wa zambarau tu. Ila ukitazama kwa haraka ni tisa.

Jumapili, 20 Oktoba

Yustina hakutazama kwa haraka.

Aliipeleka kadi dirishani. Akauliza, "Baba, Scholastica ameanza lini kutumia wino wa zambarau?" Nikamweleza kwamba mwaka huu kila kitu ni haba. Hakucheka. Hakufoka pia, kama wewe. Akaingia chumbani akateremsha chandarua na kuanza kukikunja. Akatoa mashati yangu. Akakunja. Unajua mkunjo ule, wa pembe kwa pembe, ambao haujadiliwi.

Nikakaa kwenye kiti cha kamba nikatafuta hila. Hakuna. Kichwa kitupu kabisa, mara ya kwanza kwa wiki mbili. Kwa hiyo nikasema kweli. Nikamwambia ninaogopa. Nikamwambia huku kila nyumba ina kipande cha mama yake, na wananipa kimoja kimoja, wala sijavimaliza. Kule nani atanipa?

Mikono yake ikasimama. Lakini akasema, "Baba, nitakuzika na wewe kwa kukaa?" Akaendelea kukunja.

Hapo ndipo Abilahi akaingia bila hodi, anachechemea. Akasema hamjambo hatasema, amekuja kama balozi na ana mashtaka. Yustina akasema shikamoo mzee. Akasema marahaba, na baba yako anavuruga amani ya mtaa.

Akamsomea. Eti Jumanne ile katoka kafika maili tatu kupita soko, dereva kasimulia. Eti Ijumaa kauza samaki uchochoro kwa uchochoro. Eti kabeba maji ya watu sitini. Eti nyumba arobaini na tatu, kila moja mara mbili! Eti kapima barabara pande zote kwa hatua, na kesho yake karudi kuisahihisha! Akasema mtembeaji wa mtaa huu tangu uhuru ni yeye Abilahi. Sasa akipita barazani watu wanamuuliza, Likwata hujakutana naye? Akaona aibu, akawa ananifuata kwa mbali asipitwe. Akapandisha kanzu, akaonyesha goti. Kubwa kama nazi!

Akadai Yustina anizuie. Yustina akamjibu asiwe na wasiwasi, kesho ananichukua Nachingwea.

Abilahi akateremsha kanzu polepole.

Akasema, "Sikusema umwondoe. Nimesema umpunguze. Mimi nitamtania nani?"

Yustina akamtazama Abilahi. Akanitazama mimi, kisha miguu yangu. Nilikuwa nimevaa viatu vya kanisani, vyote viwili, wala sikuwa nimefikiri. Akakaa kitandani juu ya mashati akaanza kucheka, na katikati ya kucheka akalia, na Abilahi akamwambia chagua moja, mwanangu, utapaliwa.

Akatupeleka wote wawili nyumbani kwa Bwana Xaveri, naye akatufungulia zahanati. Goti la Abilahi likafungwa. Mimi nikapandishwa mizani. Themanini na sita! Presha imeshuka. Akanibonyeza vifundo vya miguu, kidole hakikuacha shimo. Akauliza nimefanya nini. Nikamwambia ukweli, kwamba sikufanya lolote, ila mizani yake imezidi kuharibika. Nimejitolea kuitengeneza.

Nabaki, Mama Yustina. Nabaki! Chandarua amekirudisha mwenyewe. Ila nimepewa kadi mpya, ya visanduku thelathini. Na Scholastica ameagizwa atumie wino mwekundu.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimefikiri sana jinsi nilivyopona. Jibu liko wazi, ni mapumziko. Wiki mbili nimekwepa kutembea kwa akili zangu zote, na mwili umeshukuru. Bwana Xaveri ni kijana, hajui mambo haya, nami sitaki kumwaibisha.

Tatizo ni visanduku thelathini. Hilo nalo nimeshalitatua kabla ya uji. Kadi itakwenda dukani bila mimi! Kila siku kuna mtu wa mtaa huu anayekwenda. Nitapanga zamu. Leo Brigita, kesho Martina, keshokutwa mke wa fundi, hivyo hivyo. Kwangu hakutakuwa na kazi ila ndogo: nipite nyumba zote arobaini na tatu kuwaeleza, niandike nani anaweza siku gani, kila asubuhi nimpelekee kadi mwenye zamu, nimsindikize kidogo asije akaipoteza, na jioni nikaifuate. Wengine wakiwa hawapo nitarudi. Kukaa kwingine kote ni kwangu.

Abilahi amesema hila hii ni nzuri sana, niifuate hivyohivyo. Amesema kwa uso mkavu. Nadhani goti limemfundisha.

Mchana nimemsindikiza Yustina mpaka stendi. Kusindikiza si kutembea. Alitaka njia ya ndani, aage. Ilituchukua saa moja na nusu, basi nusura limwache. Kila baraza waliuliza habari zako kama mtu aliyesafiri na anayetarajiwa kuandika. Na mimi nikawajibu tu, salama, anawasalimu. Koo halikukataa.

Kesho naanza mapema kwa ajili ya zamu. Wewe huko uliko, ukipata nafasi, nikumbuke.